Mpira Ambao Sikuucheza

Maishani mwangu sijawahi kucheza mpira. Nataka hilo lijulikane kwanza, mengine yafuate. Nikiwa mdogo nilichunga mbuzi wa watu, na shule yangu iliishia darasa la nne. Nilipoingia jeshini, Jumamosi wenzangu wakitupiwa mpira, mimi nilikuwa nyuma ya mabweni nikifua nguo zangu na za yeyote aliyekuwa tayari kulipa. Sabuni hiyo ndiyo iliyoninunulia ng'ombe wa kwanza, na ng'ombe huyo ndiye mama wa kila kitu ninachokiita changu huku Endarasha: shamba la viazi, nyumba ya mawe, na tangi la maji ambalo hakuna mwanasiasa aliyenipa.

Basi fikiria nilivyojisikia siku ile binti wa ofisi ya wanajeshi wastaafu, pale mjini Nyeri, alipofungua faili yangu na kunisomea ati niliumia nyonga nikicheza mpira.

"Hiyo ni faili ya mtu mwingine," nikamwambia.

"Ni yako, baba. Namba ni yako."

"Namba inaweza kukosea."

"Na hii sahihi?"

Akanigeuzia karatasi. Ilikuwa imekuwa ya manjano kama jani la mahindi makavu. Nikavaa miwani. Sahihi ilikuwa yangu. Siku hizo nilikuwa ndio ninajifunza kuandika jina langu, na ile herufi ya kwanza nilikuwa ninaipinda kama mundu. Hakuna mtu mwingine duniani anayepinda herufi vile.

"Imeandikwa uliumia saa ya mapumziko," akaendelea. Alikuwa mtu wa kutoka magharibi ya nchi, sauti ya pole, wale ambao wakikuita baba unasikia wanamaanisha, na hilo lilinikasirisha zaidi kwa sababu mtu wa namna hiyo huwezi kumgombeza. "Kama ungeumia ukiwa kazini, bodi ya madaktari ingekukubali, na ungepelekwa hospitali ya jeshi utengenezewe hiyo nyonga bila kutoa kitu. Lakini mpira wa mapumziko, baba, huo ni wako mwenyewe."

Nikavua miwani. Nilikuwa nimekumbuka ni nani aliyeutia mpira kwenye hiyo karatasi, na kwa nini. Mdomoni mpira nilikuwa nimeuzoea; karatasi ndiyo niliyokuwa nimeisahau.

Wacha nieleze nyonga kwanza. Nimeibeba tangu ujana. Kwa miaka mingi ilikuwa inauma wakati wa baridi peke yake, na Endarasha baridi si haba, lakini mtu huzoea. Halafu mwaka juzi ikaanza kulia. Ninainuka kwenye kiti inalia kwaa, mke wangu anageuka akiwa jikoni. Daktari wa mjini akanipiga picha akanionyesha: mfupa umekwisha, umebaki kusaga mfupa mwenzake. Akasema panatakiwa chuma, na chuma kisipowekwa, kabla ya misimu miwili ya viazi nitakuwa mtu wa kiti cha magurudumu. Nikamuuliza bei. Bei ilikuwa ng'ombe wangu wote na ile ploti yangu ya sokoni. Sikutoka kwenye kuchunga mbuzi wa watu ili nizeeke nikichungulia zizi tupu. Na kiti cha magurudumu, shamba langu ni la mteremko, kingenipeleka mtoni na mimi ndani yake.

Kwa hivyo nilikuwa na njia moja, jeshi. Na jeshi lilikuwa na karatasi.

Jinsi karatasi ilivyoandikwa ni hivi. Tulikuwa kambini kaskazini, mbele ya Isiolo, tukitengeneza barabara. Kulikuwa na lori la kuteka maji. Dereva wake alikuwa mtu wa Kirinyaga, rika langu, tuliandikwa jeshini siku moja, tukawa tunaitana wakini, jinsi watu wa rika moja wanavyoitana kwetu. Jumamosi moja tulitumwa maji. Maji tukateka. Njiani wakini akasema kuna manyatta, maboma ya wafugaji, upande ule ambako mbuzi ni rahisi, na kikosi kimekula maharagwe mpaka kimeota maharagwe. Tulikuwa hatuna ruhusa ya kutoka barabarani na lori la serikali hata hatua kumi. Mimi nilisema hivyo. Yeye akasema, "Wewe unaogopa kama mtoto wa shule, na shule yenyewe hukumaliza."

Mbuzi tukanunua. Tukirudi, akashuka kwenye mto mkavu kwa mwendo wa mtu anayesikia tayari harufu ya nyama. Lori likalala upande. Mimi nilikuwa nyuma nimeshika mbuzi. Pipa la maji likateleza likanibana kwenye kiuno, na mbuzi akaruka akasimama pembeni bila hata mkwaruzo, akinitazama.

Walikuja wenzetu wa kikosi, wakaliinua lori kwa kamba na mabega, wakagonga mabati kwa nyundo mpaka likafanana na lori. Wakini alikuwa amekaa kwenye mchanga akitetemeka. Mkewe alikuwa amejifungua mapacha mwezi huo. Kuharibu gari la serikali ukiwa mahali hukutumwa ilikuwa ni jela, halafu kufukuzwa. Koplo wetu, ambaye sasa ni marehemu, akatutazama sote, akasema neno la kikosi linabaki kwenye kikosi. Akaniinamia.

"Wewe umeumia ukicheza mpira. Sawa?"

"Mimi sichezi mpira, koplo."

"Leo umecheza."

Nikasema sawa. Tulikuwa hivyo. Mwenzako hapelekwi jela kwa sababu ya kiuno chako. Kwenye zahanati ya kambi yule wa dawa akaandika mpira, nikapinda ile herufi yangu, nikalala siku nane. Kikosi kikamla mbuzi siku ya pili. Mimi sikuonja hata supu.

Nilipofika nyumbani kutoka Nyeri siku hiyo, nilimweleza mke wangu yote. Nilidhani atalia. Akaweka sufuria chini.

"Kwa hivyo haukuwa unacheza mpira."

"Sikuwa."

"Na mimi umeniambia mpira tangu tuoane!"

"Neno la kikosi..."

"Mimi ni kikosi gani? Nimeambia watu wote wa kwetu Tetu bwana yangu alikuwa mchezaji! Mama yangu alikufa akijua ameozesha binti kwa mchezaji!" Akachukua sufuria tena. "Haya. Huyo dereva ako wapi?"

Alikuwa Kagio, soko la kwao Kirinyaga. Nilijua, kwa sababu kila mtu anayeuza nyanya upande ule anamjua. Alitoka jeshini akaanza na kreti mbili kichwani, sasa ana kibanda cha mabati sokoni na pikapu yake mwenyewe. Mtu aliyejiinua, kama mimi. Yule binti wa ofisi alikuwa ameniambia kwamba shahidi aliyekuwepo akiandika hati ya kiapo, aseme niliumia kwenye lori nikiwa nimetumwa, bodi itaangalia faili upya. Waliokuwepo tulibaki wawili.

Alinipokea kwa kelele zote za soko. "Wakini! Ngai, umezeeka vibaya! Hata fimbo uko nayo!" Akanikalisha kwenye kreti, akatuma chai, akamwambia kila mteja, "Huyu mnaona, huyu ni ndugu kuliko ndugu. Huyu aliniokoa." Hakusema nilimwokoa na nini.

Juu ya kichwa chake, kwenye ukuta wa mabati, kulikuwa na cheti ndani ya kioo. Nikakisoma polepole, kama ninavyosoma kila kitu. Kilikuwa cheti cha jeshi. Kilisema huyu ameendesha magari ya serikali muda wake wote bila ajali.

Nikakitazama. Naye akanitazama nikikitazama.

"Walinipa siku ya kustaafu," akasema, sauti imeshuka.

"Ni kizuri."

"Wajukuu hupenda kukisoma."

Nikamwambia shida yangu. Yote, nyonga, chuma, bodi, hati ya kiapo. Alisikiliza akizungusha nyanya moja mkononi. Mwishowe akasema, "Wakini, mimi nilikukosea. Najua. Nimejua miaka yote. Nitakuletea mbuzi."

"Sitaki mbuzi."

"Mbuzi mkubwa. Na wazee wawili wa kwetu. Tufanye mambo vile inatakikana."

"Sitaki mbuzi, nataka karatasi."

"Hiyo karatasi inasema mimi nilidanganya serikali! Watanikatia pensheni! Na kanisani mimi ndiye mzee wa ushirika, mimi ndiye nasimama mbele nikiambia vijana wasidanganye!"

"Basi utakuwa na mfano mzuri wa kuwapa."

Hakucheka. Nikarudi nyumbani na nyanya nusu kreti ambazo sikuziomba. Ukitaka kunikasirisha, nipe kitu kidogo mahali pa kile nilichokuja kuchukua.

Juma moja halikupita, pikapu ikaingia kwangu. Beberu mweusi ameketi nyuma kama mheshimiwa, wazee wawili wa Kirinyaga wamevaa makoti, na wakini mwenyewe amenyoa ndevu. Hapa lazima mtu aelewe desturi yetu. Ukimkosea mtu, unapeleka mbuzi pamoja na wazee. Mbuzi akichinjwa na mkala pamoja, lile neno limekufa, na hakuna anayelifufua. Ni desturi nzuri. Mimi mwenyewe nimekaa kwenye kamati za wazee nikila mbuzi wa namna hiyo. Lakini serikali hailetewi beberu. Kama ningemkubali, nisingekuwa na uso wa kumwomba wakini karatasi tena, na mfupa wangu ungeendelea kusagika huku mdomo wangu una mafuta.

"Mfungeni pale kwa ua," nikasema. "Sitamchinja."

Mzee mmoja akasimama. "Unakataa mbuzi ya watu?"

"Sijamkataa. Nimemweka. Siku karatasi ikija, atachinjwa."

"Haiya! Tumetoka Kirinyaga kuja kungoja karatasi?"

"Mimi nimengoja tangu kabla ya watoto wenu kuzaliwa."

Mke wangu aliwapa chai na viazi, maana adabu ni adabu, wakaenda wakiwa wamekunja nyuso. Beberu akabaki. Akala sukuma wiki ya mke wangu, akala minji, njegere zangu za bustani, akala kamba. Kila baada ya siku mbili simu ilikuwa inalia.

"Wakini, mbuzi imechinjwa?"

"Bado. Imenenepa kuliko mimi na wewe. Umeandika?"

"Tutaongea."

Nilitaka kuitupa simu mtoni. Hayo maisha yaliendelea wiki nyingi, na kila wiki ilinipunguzia hatua. Kwanza niliacha kwenda sokoni. Halafu nikaacha kufika mwisho wa shamba. Halafu kanisani nikawa ninabaki nimeketi wengine wakisimama kuimba, na kwa mtu aliyezoea gwaride hilo ni jambo la kuona haya.

Halafu beberu akakata kamba. Ilikuwa asubuhi, mke wangu anakamua. Nikamwona ameingia kwenye viazi vyangu, vimetoa maua juzi tu. Nikasahau mimi ni nani. Nilikimbia, yaani nilidhani ninakimbia. Hatua ya tatu nyonga ikafunguka kama bawaba iliyoota kutu, nikaanguka kati ya matuta kifudifudi. Udongo mdomoni. Sikuweza kugeuka. Beberu akaja, akasimama karibu na kichwa changu, akinitazama vile vile kama yule mwingine wa kaskazini.

Mke wangu alinikuta hapo. Alinigeuza, akanipangusa udongo kwa leso, akahakikisha ninapumua. Halafu akachukua simu kutoka mfukoni mwa koti langu, akampigia wakini. Sikuwahi kumsikia akiongea na mwanamume mzee kwa sauti ile.

"Mimi ni mama wa hapa. Mbuzi yako imemalizia kazi ya lori yako. Bwana yangu amelala kwa shamba kama gunia. Kuja umchukue huyu bwana, umrudishe kwa jeshi mahali ulimtoa."

Akakata.

Kesho yake asubuhi pikapu iliingia bila wazee. Wakini alishuka na mifuko miwili. Mmoja ulikuwa na kile cheti, kimefungwa kwa gazeti. Hakuingia nyumbani. Alisimama mlangoni akasema, "Twende Nyeri kabla sijabadilisha roho."

Ofisini alikiweka cheti juu ya meza ya yule binti, akafungua gazeti, akasema, "Mama, hii ni uwongo." Halafu akasimulia. Alisimulia vizuri kuliko mimi, hata manyatta, hata mapacha, hata koplo. Binti aliandika akasahau kufunga mdomo. Tukapelekwa kwa wakili wa ghorofani, wakini akaapa na kutia sahihi.

"Sasa bodi," binti akasema. "Baba, nisikilize vizuri. Siku ya bodi uende vile ulivyo. Usijikaze. Waonyeshe shida."

Nikasema nimesikia.

Na nilikuwa nimesikia kweli. Lakini usiku wa kuamkia bodi mikono yangu ilichukua viatu vyeusi na kuving'arisha mpaka nikaona dari. Nikapiga suruali pasi. Mke wangu alikuwa ameniwekea sweta ya kukamulia. Aliponiona asubuhi nimevaa koti la arusi na tai, alisema, "Unaenda kuomba msaada ama kuoa?"

Bodi ilikuwa ni watu watatu nyuma ya meza ndefu: daktari, karani, na afisa mwenye sare kamili. Afisa alikuwa wa umri wa kitinda mimba wangu. Lakini mabega yake yalikuwa na vyeo, na mwili wangu ukaviona kabla yangu. Mgongo ukanyooka. Visigino vikagongana. Wakini na mke wangu waliruhusiwa kukaa kwenye benchi ukutani, naye wakini amekumbatia ule mfuko wake wa pili.

"Unaendeleaje, mzee?" afisa akauliza.

"Salama kabisa, afande!"

Nilisikia mke wangu akifyonza.

"Tembea mpaka kwa ule ukuta, urudi," daktari akasema.

Fimbo niliiacha kwenye kiti. Sitaki kuulizwa kwa nini. Nilienda kama gwaride. Kushoto, kulia. Kila hatua ilikuwa kama mtu anapasua kuni ndani ya kiuno changu, na uso wangu ulikuwa umetulia kabisa, na moyoni, mjinga mimi, nilikuwa ninajivuna. Kwenye ukuta nikageuka nyuma kwa hesabu, nikapiga mguu chini. Jasho likanitoka mpaka kwenye kope. Nikamwona daktari anainamisha kichwa anaandika, na karani anafunga faili.

"Afande!"

Ilikuwa ni wakini. Alikuwa amesimama.

"Afande, huyu mtu anadanganya tena!"

"Kaa chini, mzee," karani akasema.

"Sikai! Alidanganya na mdomo kwa ajili yangu, sasa anadanganya na mguu! Huyu juzi amelala kwa shamba kama gunia! Huyu kanisani hasimami!" Akanigeukia. Macho yalikuwa mekundu. "Wacha ujinga, wakini! Mimi nimetoa cheti yangu kwa ukuta. Mabati imebaki na alama. Wewe ukatae kutoa hiyo kiburi yako? Tembea vile unatembea!"

Hakuna mtu aliyenisemesha hivyo tangu nitoke kwa baba yangu. Nilifungua mdomo nimjibu, na nyonga ikalia kwaa, chumba kizima kikasikia.

Nikatembea vile ninavyotembea. Sitaelezea. Nusu ya njia nilishika meza ya serikali, halafu nikashika mkono wa afisa, kwa sababu alikuwa ameinuka na kuja kunishika, na alinikalisha kitini taratibu kama mtu anayetua kikapu cha mayai. Daktari akakata alichokuwa ameandika, akaanza upya.

Afisa akasoma hati ya kiapo mpaka mwisho. Akamtazama wakini.

"Na huo mfuko ni wa nini, mzee?"

"Ni sweta na sabuni, afande. Na mswaki."

"Unasafiri?"

"Ya jela, afande."

Karani alianza kucheka, daktari akafuata, afisa akakaza uso akashindwa. Akasema mambo ya lori la zamani hivyo hakuna atakayeyafungulia jela leo, na pensheni haitaguswa. Wakini akauliza mara tatu kama ni kweli. Halafu akataka kujua kama cheti anaweza kukirudisha ukutani, na afisa akamwambia hilo aulize moyo wake. Siku hizi mahali pale ametundika kalenda.

Barua ya majibu ya bodi ikakaa miezi. Serikali haina haraka na mguu wa mtu. Nilienda ofisini kwa fimbo mbili, nikaambiwa iko mezani, nikaenda tena, nikaambiwa imetoka kwenye meza hiyo iko kwenye meza nyingine. Beberu tuliyemfunga kwa mnyororo alizidi kunenepa mpaka majirani wakauliza kama namfuga kwa maonyesho.

Ilipofika, niliifungua kwenye meza ya jikoni, mke wangu akisoma juu ya bega langu kwa sababu yeye husoma haraka. Nimekubaliwa. Jeraha limetokana na kazi. Tarehe ya kulazwa iko. Chuma kiko. Mke wangu akapiga kigelegele, ng'ombe wakashtuka.

Mimi nilikuwa bado kwenye mstari wa juu. Nikavaa miwani vizuri. Nikasoma mara ya pili.

"Angalia hapa," nikamwambia.

Kichwa cha barua kilisema: KUHUSU JERAHA LA NYONGA (MPIRA WA MIGUU).

"Hiyo si kitu," akasema.

"Si kitu? Mtu ameapa! Cheti kimetolewa kwa ukuta! Beberu amekula minji yangu yote! Na bado wameandika mpira! Hii inarudi Nyeri kesho, waandike lori."

"Irudi ikae miezi mingine?"

"Ukweli ni ukweli."

"Na utairudisha na mguu gani?"

Nilikuwa na majibu mengi, na hakuna hata moja lililokuwa na mguu. Nikaikunja barua, nikaitia mfukoni, nikampigia wakini aje na kisu.

Alikuja na wale wazee wawili, ambao walijifanya hawakuwahi kukasirika. Beberu alikuwa mgumu kama kiatu cha jeshi, kwa kukaa sana. Nilikula mbavu mpaka nikachoka, na supu nikaomba kikombe cha pili, ile supu ya kaskazini ambayo sikupewa. Wakini alinikatia nyama kwa mkono wake mwenyewe. Sikumwonyesha kichwa cha barua.

Wiki iliyofuata alinipeleka mwenyewe kwa pikapu mpaka hospitali ya jeshi, akiendesha polepole hata baiskeli zikatupita. Nikavalishwa kanzu ya kijani isiyo na mgongo. Nesi akaja na faili, msichana mchangamfu, akasoma ukurasa wa kwanza akatabasamu.

"Guka, babu yangu! Kumbe wewe ulikuwa mchezaji! Ulikuwa unacheza namba ngapi?"

Wakini alikuwa ameketi kando ya kitanda. Akainamisha kichwa, akaanza kuangalia vidole vyake.

Nilivuta pumzi nimweleze. Lori, manyatta, pipa, koplo, yote. Halafu nikaona kitanda cha magurudumu kinaingia kunichukua, na yule nesi bado ameshika kalamu juu ya faili.

"Golikipa," nikasema.